Ukate Mlango Tu

Fremu iliingia dukani kabla mwenyewe hajaonekana vizuri, imeviringishwa shuka kuukuu na kupakatwa kama mtoto mchanga. Mama mkwe aliilaza juu ya meza ya kukatia karatasi bila kuomba nafasi. Bwana Kipimo, mwenye duka la kuchapa picha, alisogeza kisu chake taratibu. Siku za nyuma alikwisha kupishana maneno na mama huyo kuhusu picha ya pasipoti, na tangu hapo akimwona humwachia meza.

Mama mkwe hakuwa na haja naye. Alimtaka mke wa mwanawe, ambaye pale kazini walimwita Jicho, kwa sababu huuona unywele uliopotea kwenye paji la uso la bibi harusi kabla bibi harusi mwenyewe hajauona. Nyumbani jina hilo halikufika. Nyumbani alikuwa mke wa mtu, mkwe wa mtu na mtoto wa mtu, na siku hiyo kila mmoja wa watu hao alikuwa akimvuta upande wake.

Fremu ile aliichonga marehemu baba mkwe, seremala, enzi mikono yake ikiwa bado na nguvu. Ilikuwa mraba kamili, pande zote sawa, kwa kuwa mzee hakupenda kitu kirefu upande mmoja. Hata mkate aliukata hivyo, na mabaki akayala mwenyewe. Miaka yote ilikaa sebuleni na picha yake ndani: yeye na mkewe wamesimama, mkono wake begani kwa mkewe, watoto wamepangwa mbele. Kisha mvua za mwaka ule zikapita darini. Picha ikagandana na kioo, na walipojaribu kuibandua sura zikabaki kwenye kioo vipande vipande, kama maziwa yaliyokatika. Nakala nyingine haikuwepo. Fremu haikupata hata mkwaruzo.

Sasa paa lilikuwa jipya, ukuta umepakwa rangi, msumari umepigiliwa, na kesho yake ndugu wa pande zote wangekuja kuiona nyumba. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuwaambia watakuta picha mpya ya familia. Msumari mtupu hakutaka hata kuufikiria.

Picha yenyewe ilipigwa wiki hiyo, na jirani, kwa simu ya mume wa Jicho. Kupiga kulikuwa rahisi. Kupanga watu ndiko kulikotoa jasho. Mama mkwe hakutaka mtu achuchumae mbele yake, angeficha gauni. Hakutaka mtu asimame nyuma yake pia, akisema watu wa nyuma huchungulia kama wanaosubiri zamu ya choo. Basi wakajipanga mstari mmoja mrefu: mwanzo wifi mkubwa na wanawe, kisha mume wa Jicho, kisha Jicho, kisha mama mkwe mwenyewe. Baada ya mama mkwe pakawa na kipande kipana cha ukuta mtupu. Kisha mlango. Na mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo, akasimama mama mzazi wa Jicho.

Jicho alikuwa amempungia mama yake asogee. Mama mkwe, bila kugeuza shingo, akasema aachwe pale pale alipo. Maneno hayo Jicho aliyameza siku ile, lakini hayakushuka. Yalikaa kooni mpaka leo.

Mama yake aliletwa kuishi nao baada ya kuanguka. Aliteleza bafuni kwake, akalala sakafuni na nyonga iliyovimba, akiita kwa sauti isiyovuka dirisha, mpaka muuza maziwa alipoona chupa ya jana haijaguswa. Mume wa Jicho ndiye aliyekwenda kumchukua, na mama mkwe hakukataa. Hakukataa, lakini hakusema karibu pia. Alionyesha kitanda na kabati, akaenda zake jikoni. Tangu hapo wale wakwe wawili waliishi kama paka wawili kwenye gunia moja lenye adabu. Mmoja akisema chai imepoa, mwenzake anauliza kama ilikuwa inamsubiri mfalme. Mama yake Jicho alikuwa mtu wa mzaha hata kwenye maumivu. Akiulizwa nyonga inaendeleaje, hujibu kuwa imepona siku nyingi, anatembea polepole ili watu wapate muda wa kumtazama.

Sasa mama mkwe akataka kuona picha imefikia wapi. Jicho akaifungua kwenye kompyuta. Akamweleza kwamba picha ni ndefu na fremu ni mraba, na robo nzima ya urefu haina pa kukaa. Wangeweza kuichapa yote ikiwa na mistari myeupe juu na chini. Mama mkwe akasema hataki picha iliyofungwa bandeji. Ile ya zamani ilijaa fremu pembe hadi pembe, na hii itajaa.

"Basi lazima pakatwe mahali, mama," Jicho akasema.

"Pakatwe. Kata huku." Kidole cha mama mkwe kikatua kwenye kioo, upande wa mwisho.

"Huku kuna mtu."

"Mimi nimesema ukate mtu? Nimesema ukate mlango tu. Nani anatundika mlango ukutani?"

Akakunja shuka lake, akaacha fremu, akasema atarudi jioni kabla hawajafunga, aione kwa macho yake kabla haijaingia kwenye kioo. Bwana Kipimo alisubiri mpaka kivuli cha mama kikatoka kizingitini ndipo akavuta pumzi, akarudisha kisu mahali pake.

Simu ya mumewe ilifika muda si mrefu. Alizungumza kwa sauti ya mtu aliyejificha nyuma ya tangi la maji, na kweli ndiko alikokuwa. Maneno ya mlango mama yake aliyasema tangu asubuhi, mezani, huku mama mzazi wa Jicho anachovya mkate.  Huyo alimaliza chai, akaenda chumbani, na sasa mkoba wake ulikuwa umefungwa, umewekwa pale pale mlangoni alipopigwa picha. Alikuwa amesema kwa upole kabisa kwamba yeye si mtu wa kung'ang'ania ukuta wa watu. Kesho wageni wakija, watakuta amekwisha kwenda kwake.

"Mama yangu sijui nimwambie nini, na mama yako sijui nimwambie nini," mumewe akanong'ona. "Wewe ndiye mwenye picha, mke wangu."

Jicho akaweka simu chini. Aliona sakafu ile ya bafuni. Akaona chupa ya maziwa, na safari hii muuza maziwa amebadilisha njia.

Akavuta kiti.

Kwanza picha yenyewe. Ile aliyotumiwa na mumewe kwenye kundi la familia ilikuwa imebanwa na mtandao mpaka imekonda. Kwenye simu inang'aa, lakini ukiikuza nyuso zinakuwa viraka kama zulia. Kwa bahati jana yake alikuwa amekuja na simu yenyewe dukani na kuhamisha picha ya asili kwa waya. Hiyo ilikuwa na nukta za kutosha kwa fremu kubwa. Humo alikuwa na nyama ya kukata.

Lakini kulikuwa na giza. Waliosimama ukutani walipata mwanga wa dirisha. Mama yake, kule mlangoni, alikuwa kivulini. Kwenye kompyuta alionekana, tena vizuri, na hapo ndipo wengi huumbuka, maana kioo cha kompyuta kina taa tumboni na karatasi haina. Bwana Kipimo alikuwa haruhusu mtu achape picha kubwa kabla ya kutoa ukanda mwembamba wa majaribio. Jicho akatoa ukanda wa sehemu ya mlangoni. Ulipotoka akausogeza dirishani. Palipokuwa na uso wa mama yake palikuwa na kipande cha mkaa kilichofungwa kitambaa.

Kwa hiyo hata asipomkata, angempoteza.

Akarudi kwenye kompyuta. Akainua mwanga wa kivuli kile peke yake, kidogo kidogo, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Akizidisha, ngozi inageuka majivu na chembechembe zinatokea. Akipunguza, macho yanazama. Akatoa ukanda mwingine. Kisha mwingine. Bwana Kipimo alipita nyuma yake, akaona kanda zimelala mezani kama ngozi za viazi, akajitia hamnazo.

Kwenye ukanda wa mwisho mama yake akatokea. Mikunjo ya pembeni mwa mdomo ilitokea, na kile kicheko cha kuvizia. Ila kulitokea na kitu kingine ambacho Jicho hakukitarajia. Ule mkono kwenye mwimo haukuwa mkono wa kujipamba. Vidole vilikuwa vimekaza mpaka mishipa imesimama, na kidole gumba kimezama kwenye upenyo wa ubao. Mdomo ulikuwa unacheka, mkono umeng'ang'ania. Nyonga iliyopona siku nyingi ilikuwa haiwezi kumshikilia muda wa kupigwa picha moja.

 Mtu huyu ndiye anayetaka kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Akaanza kutafuta pa kukata. Kule mwanzo alikuwa wifi mkubwa na wanawe. Ukiwagusa hao utahama wewe na mashine zako. Akajaribu kuibana picha nzima iingie kwenye mraba, wote wakawa wembamba warefu kama mishumaa. Wifi angelipia zaidi kwa picha ya namna hiyo, lakini mama mkwe alifanana na mwiko. Akafuta. Jua lilikuwa limehama kutoka kwenye dirisha la mbele, na nje muuza vocha alikuwa ameanza kukunja mwavuli.

Ndipo macho yake yakatua kwenye ule ukuta mtupu kati ya wale wakwe wawili. Ukuta mweupe, mpya, hauna hata nzi. Akaupima. Ulikuwa karibu robo ya picha.

Akakata hapo katikati. Akashika kipande cha mwisho, akakisogeza polepole mpaka mama yake akafika ubavuni kwa mama mkwe wake. Akaufuta mlango. Akafuta mwimo. Akalainisha maungio, akapatanisha vivuli miguuni. Ule mkono, ulipokosa mwimo, ulikuwa umebaki hewani, usawa wa bega, na bega lililokuwa karibu lilikuwa moja tu. Jicho akausogeza unywele mmoja zaidi. Vidole vikatua.

Bwana Kipimo alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni.

"Rangi tunatengeneza," akasema. "Mwanga tunatengeneza. Kuhamisha watu ni kazi ya serikali."

Jicho akamjibu kwamba serikali haikumwona mama yake sakafuni. Bosi wake akakuna kidevu. Akamkumbusha kwamba karatasi nzito ya ukubwa ule imebaki moja, na msambazaji hafungui mpaka wiki ijayo. Ikiharibika, au ikikataliwa, kesho ni msumari mtupu. Hakusema achape wala asichape. Akaenda kuweka karatasi kwenye mashine, akiishika kwa pembe kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake.

Jicho akabonyeza.

Mashine ile kubwa haina haraka. Kichwa chake huenda na kurudi, kinalia kama mtu anayepiga mswaki, na karatasi inasogea nje kidogo kidogo, ikianzia juu. Dari ikatoka. Ukuta ukatoka. Nywele za kwanza zilikuwa ndiyo kwanza zinaonekana pale mlango wa duka uliposukumwa, na mama mkwe akaingia.

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kusimama mbele ya mashine. Bwana Kipimo akakumbuka kwamba ana kitu cha kutafuta chini ya meza.

Vikatoka vipaji vya nyuso. Vikatoka macho. Mama mkwe akawahesabu kwa kidole watu wake, kuanzia kwa bintiye, akafika kwake, akapita. Kidole kikasimama hewani.

"Kichwa cha mkwe mwenzangu kinatafuta nini karibu na sikio langu?"

 Mashine ikaenda, ikarudi. Vikatoka videvu. Zikatoka shingo. Mabega yakaanza kutokea, na juu ya bega la gauni jipya vikatokea vidole, kimoja baada ya kingine, vimekaza. Mama mkwe akanyoosha mkono kuvigusa. Sauti ya Bwana Kipimo ikatoka chini ya meza kuomba asiguse, wino haujakauka. Akaurudisha mkono kifuani.

Walikaa hivyo mpaka viatu vikatoka na mashine ikanyamaza. 

"Hapa kati umemwondoa mtu," mama mkwe akasema.

"Hapakuwa na mtu, mama. Ukuta tu."

"Unakumbuka nilisema nini siku ile, ulipokuwa unamwita mama yako asogee?"

"Ulisema aachwe pale pale."

"Nilisema aachwe pale pale, asije akasimama mahali pa mwenyewe." Sauti yake haikupanda, afadhali ingepanda. "Picha ya mume wangu imekwenda na maji. Sina nyingine. Nikasema basi, nitamwachia nafasi yake upande aliosimama siku zote. Nyie mtaona ukuta. Mimi nitamwona yeye. Sasa umemkunja ukamtupa."

 Wiki nzima Jicho alikuwa amebeba yale maneno kooni kama mfupa, kumbe hayakuwa ya kumfukuza mtu. Na yeye, kwa jicho lake hilo linaloona unywele, alikuwa ametazama nafasi ya mzee akaona kitu cha kukata. Akaomba radhi. Akasema ile ya mwanzo bado ipo, nafasi ipo, hakuna kilichopotea ndani ya kompyuta. Ila karatasi hakuna mpaka wiki ijayo. Kesho ukuta utakuwa mtupu, na hilo kosa ni lake, atalisema mwenyewe mbele ya ndugu.

Mama mkwe alikuwa kama hasikii. Alikuwa ameinama juu ya picha, pua karibu na bega lake.

"Mkono huu," akasema. "Ulikuwa umeshika nini?"

"Mwimo wa mlango."

"Umeshika hivi? Mbona aliniambia nyonga imepona?"

"Na mimi aliniambia hivyo."

Akamgeuzia kompyuta, akafungua ile ya asili, akaikuza kwenye mwimo. Mama mkwe akavaa miwani. Akatazama kidole gumba kilichozama kwenye ubao, mishipa, kiganja kilichopauka. Akatazama mdomo unaocheka juu yake. Alitazama sana. Kisha akavua miwani akaifuta kwa pindo la gauni, ingawa haikuwa na vumbi.

"Ile picha ya zamani," akasema, "watu wakiiona walikuwa wananiambia, ona mzee alivyokushika bega, mlipendana. Nami nilikuwa nakaa kimya, najipitishapitisha. Lilikuwa goti, mwanangu. Goti lake lililoharibika kwa kupiga magoti juu ya mbao. Asingenishika angekwenda chini, na picha ingetoka na mimi peke yangu na seremala miguuni."

Bwana Kipimo alikohoa chini ya meza. Jicho hakujua kama acheke.

"Begani hapa hapa," mama mkwe akasema, akaligusa lile la mwilini, si la pichani. "Bega langu hili limezoea viwete."

Kisha akamwambia yule aliye chini ya meza atoke na kisu chake, akate zile kingo nyeupe za karatasi tu. Watu awaache.

Walifika nyumbani kukiwa bado na mwanga. Mama yake Jicho alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, mkoba miguuni, kitambaa kichwani kimefungwa kwa safari. Mume wa Jicho alikuwa juu ya ngazi akikaza msumari ambao haukuhitaji kukazwa. Alipokaziwa macho na mama yake akapokea fremu, akaitundika, akashuka.

Mama yake Jicho alitazama picha akiwa amekaa. Akaanzia kwa wifi na wanawe, akapita kwa mkwewe, akapita kwa mwanawe, kama mtu anayesoma orodha ya waliofaulu akiogopa kufika mwisho. Akafika mwisho. Midomo ikamcheza.

"Mkwe mwenzangu," akasema, "mbona sikumbuki kukushika?"

"Uzee huo. Ulinishika mpaka bega likaniuma."

"Na mlango wenu?"

"Mlango upi? Pale hapakuwa na mlango. Kesho wageni wakiuliza, nilikwambia njoo nishike, ukaja. Na hizo nguo zirudi kabatini, zinajikunja bure."

 Mama yake Jicho akajiinua kutoka kitini aione picha kwa karibu. Nyonga ikamkamata katikati ya kuinuka, na mkono wake, kwa mazoea, ukaenda kuutafuta mwimo. Jicho alikuwa mbali. Mumewe alikuwa mbali. Mama mkwe hakuonekana kuharakisha, lakini alikuwa amekwisha kufika, amesimama kati ya mkono na ubao, uso ameutazamisha kwingine kana kwamba anapita tu.

Vidole vikatua begani, vikakaza.

"Usinikanyagie gauni," mama mkwe akasema, wakaenda hivyo mpaka ukutani.